Meli Inayokula Mchanga na Maji Inayoyatema

Ukikaa Mama Ngina jioni, hapa Mombasa, meli zote zinakupitia mbele ya macho, maana mlango wa Kilindini ni mwembamba na hakuna njia nyingine ya kuingia. Meli ya makontena utaijua. Ya magari utaijua kwa umbo lake la sanduku, ya mafuta kwa mabomba yaliyolala juu ya sitaha. Lakini kuna moja ambayo, miaka bandari inapoongezwa kina, huwachanganya watu. Inatoka imezama hadi karibu na sitaha kana kwamba imebeba chuma, halafu inarudi imeelea juu, nyepesi. Muda si muda inatoka tena imezama. Haifungwi gatini, haina kontena hata moja, na ubavuni imelaza bomba nene linaloweza kumeza mtu. Kazi yake haijui usiku wala Idi.

Jamaa mmoja aliyekaa karibu nami, anakula zake mihogo ya pilipili, aliniambia kwa uhakika kabisa kuwa inaiba madini na kuyapeleka Ulaya. Sikumlaumu. Hakuna aliyewahi kuja pale kutueleza ile meli inafanya nini, na mtu asipoelezwa hujieleza mwenyewe.

Ile ni dreja ya kufyonza, meli ya kuchimba chini ya bahari. Ikifika mahali pa kazi inashusha bomba lake mpaka chini ya bahari. Mwisho wa bomba pana kichwa kipana cha chuma, chenye meno na matundu yanayorusha maji kwa nguvu ili kuulegeza mchanga. Meli inasonga polepole, mwendo wa mtu anayetembea, kichwa kinaburutwa huko chini, na pampu inavuta. Kinachopanda ni uji: maji mengi na mchanga kidogo. Uji huo unamwagwa kwenye tumbo la meli, ambalo liko wazi kwa juu, ukitazama kutoka daraja la nahodha unaona ziwa dogo la rangi ya chai ya maziwa likichemka.

Zipo dreja za ukubwa usioaminika. Cristóbal Colón, ya kampuni ya Jan De Nul ya Ubelgiji, iliyoanza kazi 2009, ina tumbo la mita za ujazo 46,000. Piga hesabu ya tipa zinazoshusha mchanga kwenye ujenzi mtaani kwako: zinahitajika zaidi ya 3,000 kujaza tumbo hilo mara moja. Biashara hii kwa miongo mingi imeshikwa na Wabelgiji na Waholanzi, Jan De Nul na DEME upande mmoja, Boskalis na Van Oord upande wa pili, na haishangazi, kwa sababu ni watu ambao nchi zao zisingekuwepo kama wasingejifunza kusukumana na bahari. Siku hizi Wachina wamefika na meli zao, na pwani yetu imewaona sana.

Ikishajaa, meli ina njia tatu za kujitapisha. Inaweza kufungua milango iliyo chini ya tumbo, mzigo ukaanguka baharini kwa dakika chache tu. Inaweza kuunganishwa na bomba refu linaloelea na kusukuma mchanga hadi nchi kavu. Au inarusha mchanga hewani kutoka puani, mkondo mkubwa unaopinda angani na kuangukia pale ardhi mpya inapotakiwa. Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyojenga Palm Jumeirah kule Dubai, ambako ndugu zetu wengi wameosha madirisha ya majumba yaliyosimama juu yake. Mita za ujazo milioni 94 za mchanga zilikwenda pale, zote zimevutwa kutoka chini ya Ghuba. Watu huuliza, jangwa lote lile, mchanga wa kufyonza baharini wa nini? Mchanga wa jangwani umesuguliwa na upepo mpaka ukawa laini na mviringo, haushikani. Wa baharini una kona.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilipata kufanya kazi kwenye boti ya wapimaji, kazi ya ukarani tu, kuandika saa, kimo cha maji na namba za mistari tuliyopita. Boti ya namna hiyo ndiyo inayoamua nani alipwe kiasi gani. Mabaharia wa zamani walikuwa wakitia bildi, risasi iliyofungwa kamba, chini yake imepakwa mafuta ya mnyama ili irudi na chembe za mchanga au tope, nahodha ajue pima ngapi na chini pana nini. Leo chombo kinarusha sauti kuelekea chini na kusikiliza mwangwi wake, miale mamia kwa mpigo, na kwenye skrini sakafu ya bahari inajichora kwa rangi. Tunapima kabla, meli inachimba, tunapima baada. Tofauti ya picha mbili ndiyo mita za ujazo, na mita za ujazo ndiyo pesa. Ubishi niliousikia kwenye vikao kati ya mpimaji wa mkandarasi na mpimaji wa mteja sijausikia hata kwenye mirathi.

Lakini katika vitabu vyote vile vya kumbukumbu nilivyojaza, hapakuwa na safu ya kitu kimoja. Maji yanayotemwa.

Nilisema kinachopanda kwenye bomba ni uji. Tumbo likijaa uji mpaka ukingoni, meli bado haina mzigo wa maana, imejaa maji. Nahodha akiondoka wakati huo anakwenda kutupa maji ya bahari baharini, na mafuta ya injini yameungua bure. Kwa hiyo haondoki. Anaendelea kuvuta, mchanga unatulia chini, na maji ya juu yanatoka kwa tundu kubwa lililosimama katikati ya tumbo na kupita chini ya meli. Ni kama kuosha mchele: unamwaga maji, mchele unabaki, na yale maji yanakwenda yamepauka kwa unga. Unga wenyewe, huku kwetu, ni tope laini na vumbi la matumbawe. Kadiri nahodha anavyokaa zaidi katika hali hiyo ndivyo mzigo unavyozidi kuwa mzito na safari kuwa na faida, na ndivyo bahari inavyozidi kupakwa rangi.

Sehemu kubwa ya tope hilo inazama karibu na meli. Inayobaki ndiyo yenye safari. Inaning'inia majini, inachukuliwa na mkondo, inakwenda ambako hakuna mtu aliyechora mstari wowote kwenye ramani ya mradi.

Upande wa Mtongwe kuna mzee niliyemzoea, mtu wa madema, ile mitego ya samaki ya kusukwa. Nilimkuta siku moja ameyapandua yote ufukweni, anayatazama bila kuyagusa.

"Shikamoo mzee. Vipi, hamkuingia leo?"

"Marahaba mwanangu. Niingie nikafanye nini? Hebu tia mkono hapo."

Matundu ya dema yalikuwa na utelezi wa kijivu, kama yamepakwa chokaa mbichi.

Nikamwambia labda ni mvua za bara, mto umeshuka. Akanitazama kwa huruma. "Maji ya mvua nayajua. Yanakuja na majani, yana harufu ya udongo, na yanakaa juu. Haya yanakuja kwa chini. Maji yakipwa yanakwenda kule, yakijaa yananirudia mimi. Na meli ikienda kumwaga, siku mbili hivi ikikawia, yanakatika. Ikirudi, yamerudi."

Hapo nilikuwa na kumbukumbu zangu za saa na kimo cha maji nyumbani, na nilijua anachosema kinalingana. Mzee hakuwa na chombo chochote, alikuwa na madema na miaka. Changu na tafi hawaingii demani wakati maji hayana mwanga, na nyasi za baharini wanazokula tafi haziishi bila jua. Matumbawe yakiangukiwa na tope hujisafisha kwa ute, kazi inayowala nguvu wale wadudu wadogo wanaoyajenga, wakichoka wanakufa. Hakuna siri yoyote katika hilo, na makampuni yenyewe yanalijua vizuri kuliko sisi. Ndani ya lile tundu la kumwagia maji huwekwa vali maalumu inayopunguza mapovu ya hewa, kwa sababu maji yenye mapovu hupanda juu na kusambaa, na yasiyo na mapovu huzama upesi na tope lake. Vali ipo. Swali ni kama imefungwa au imefunguliwa, na nani anaangalia.

Nieleweke, sina ugomvi na kuchimba. Anayesema bandari zibaki kama zilivyokuwa aende Tanga akawaulize makuli wa zamani. Kwa miaka mingi meli kubwa haikuweza kugusa gati la Tanga. Ilitia nanga huko nje, zaidi ya kilomita moja na nusu, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, na pale ukapakuliwa mara ya pili. Kila gunia limebebwa mara mbili na kulipiwa mara mbili, na bahari ikichafuka hakuna kazi. Kuanzia 2019 kampuni ya China Harbour Engineering ilichimba kwa awamu mbili, kina kikatoka mita 3 hadi 13, na sasa meli inajifunga yenyewe. Dar es Salaam nayo iliongezewa kina, gati namba 1 hadi 7 zikafikishwa mita 14.5, katika mradi ulioanza 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mita moja ya kina ni makontena mengi, na bei ya mafuta ya kupikia pale Singida au Kigali imo ndani ya mita hiyo.

Na si kila mahali unaweza kufyonza. Pwani yetu imekalia mwamba wa matumbawe ya kale, na mwamba huo bomba la kuburuta haliutishi. Hapo huletwa dreja ya aina nyingine, yenye kichwa kinachozunguka, kimejaa meno ya chuma kama ya papa. Hiyo ikichimba haitembei. Inasimama juu ya mguu wa chuma uliochomekwa chini nyuma yake, halafu inavutwa na kamba za nanga kushoto, kulia, kushoto, ikisaga mwamba kwa upinde. Meno yanakwisha haraka sana kwenye mwamba mgumu, na kuna watu ambao kazi yao ni kubadilisha meno tu. Spartacus ya DEME, iliyoingia kazini 2021, ina mitambo yenye nguvu ya jumla ya kilowati 44,180.

Mwaka huohuo dunia nzima iliiona dreja ya namna hii bila kuitambua. Ever Given ilipokwama Suez tarehe 23 Machi 2021, mita 400 za meli zimekingama mfereji mzima, watu walicheka na picha ya kijiko kidogo cha manjano kikikwangua chini ya pua yake. Kijiko kilifanya chake, Mungu akilipe. Lakini mchanga uliokuwa umeibana ile meli, mita za ujazo kama 30,000, ulitolewa hasa na Mashhour, dreja ya mamlaka ya mfereji wenyewe, ikichimba hadi kina cha mita 18 huku imekaa karibu na jengo la chuma ambalo lingeweza kuiangukia. Kisha likaja bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, tagi zikavuta, na tarehe 29 ikatoka. Utani wote ulikwenda kwa kijiko.

Turudi nyumbani, Lamu. Bandari mpya ilijengwa Kililana, ndani ya ghuba ya Manda, mahali ambapo wavuvi wenye madau na mashua ndogo hukimbilia kusi likivuma kwa sababu nje hapaendeki. Ilichimbwa njia ya meli kubwa mahali palipokuwa na matumbawe, nyasi na mikoko. Wakazi walikwenda mahakamani tangu 2012, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zao zimevunjwa, ya mazingira safi, ya utamaduni, na ya kupewa habari. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, na kwa muda mrefu baada ya hapo habari ya fidia iliendelea kuwa habari ya vikao.

Wengi walishangilia lile fungu, na mimi pia. Ila ligawe: ni kama shilingi 380,000 kwa mtu. Kwa mvuvi anayeanzia sifuri ni fedha. Kwa mvuvi anayeambiwa kwamba mahali pake pa kuvulia wakati wa kusi hapapo tena, yeye na watoto wake, akatafute boti ya kwenda bahari kuu, haimfikishi. Kilichonigusa zaidi katika hukumu ile ni kile cha habari. Watu hawakuambiwa. Kama yule bwana wa mihogo.

Je, inawezekana kuchimba bila kutema? Hapana. Inawezekana kutema kwa kipimo, na si ndoto ya wanamazingira, imekwisha kufanywa. Denmark na Sweden zilipojenga daraja na njia ya chini ya bahari katika mlango wa Øresund, kati ya 1995 na 2000, mkandarasi aliwekewa sharti kwamba tope linalopotea majini lisizidi asilimia 5 ya alichochimba. Ilipimwa kila wakati, boti zikifuata wingu la tope kama polisi wa barabarani, na meli ikikaribia kuvuka kiwango inapunguza kasi au inahama. Pale palikuwa na nyasi za baharini na kome kama vile kwetu pana nyasi na matumbawe. Daraja lilikamilika na linatumika mpaka leo.

Huku nimesoma ripoti za athari za mazingira zenye kurasa mamia, zikitaja nyangumi, kasa, ndege, ajira kwa vijana, na hata vyoo vya wafanyakazi. Ukitafuta ni tope kiasi gani linaruhusiwa, kwa saa ngapi, umbali gani kutoka kwenye meli, unakuta sentensi moja: mkandarasi atachukua hatua zinazofaa. Zinazofaa kwa nani? Mara nyingine huahidiwa mapazia ya kuzuia tope, vitambaa vinavyoning'inizwa kwenye maboya. Yanafaa kwenye maji yaliyotulia. Yatandaze kwenye mlango wa Kilindini siku ya bamvua uone kama utayaokota Likoni au Shelly.

Halafu kuna tope la bandarini lenyewe. Chini ya gati kuukuu limelala tope la miaka mingi lenye kumbukumbu ya rangi za meli, zikiwemo zile zenye sumu ya bati zilizopigwa marufuku duniani 2008. Likikaa halina neno. Likichimbuliwa na kwenda kumwagwa mahali wanapovulia watu, lazima lipimwe kwanza, na majibu yabandikwe mahali ambapo mvuvi anaweza kuyaona, kwa Kiswahili.

Mtu asidhani pia kwamba ukichimba mara moja umemaliza. Port Reitz, hori lililo nyuma ya Kilindini, inapokea maji ya mto Mwache, na Mwache unashuka na udongo wa mashamba ya Kinango. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hata mikoko ya hori la Mwache ikafa imesimama, mizizi yake imezikwa. Udongo huo haupotei, unasogea kidogo kidogo kuelekea kwenye maji ya kina, na siku moja bandari inamlipa Mholanzi au Mchina auchote. Miti iliyokatwa bara inalipiwa hapa kwa dola. Ningekuwa mkubwa wa bandari yoyote ya pwani hii ningetenga fungu la kupanda miti na kutengeneza matuta huko juu, hata kwa uchoyo tu.

Najua miradi mingine inakuja, na kila unapokuja huitishwa baraza la kukusanya maoni, viti vya plastiki, soda, na mtaalamu mwenye slaidi za Kiingereza. Mkienda, msimuulize kama ana nia njema na samaki. Muulizeni meli itaachiwa kumwaga maji kwa dakika ngapi kila mzigo, na nani atakayekuwa ndani ya meli kuandika dakika hizo. Muulizeni mahali pa kumwaga pako wapi, na mkondo wa hapo unaelekea wapi wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Mkandarasi atataka kaskazi, bahari ikiwa shwari. Mvuvi naye anaitaka kaskazi hiyohiyo, ndiyo miezi yake ya kupata. Hapo ndipo pa kukaa na kubishana mpaka kieleweke, kabla ya kusaini: miezi ipi ni ya nani, na mvuvi atalipwa nini kwa kila mwezi anaouachia, akilipwa mwezi huo huo wala si baada ya kesi.

Yule mzee nilimpelekea hesabu zangu za saa na maji zikiwa zimeandikwa kwenye daftari, nikamsomea. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama karatasi hizo zinaweza kupigwa mhuri. Nikamwambia sina mhuri. "Basi tafuta aliye nao," akasema, "mimi ya kusema ninayo."